Msimbo unakubali, linka inakataa: "undefined reference" tatu kwa mpigo. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

Binti Mhazini · #1
Habari zenu wakuu. Mama yangu ni mhazini wa kikundi cha VICOBA, wanachama 30, na hesabu zote ziko kwenye madaftari matatu ambayo kila mwisho wa mwezi yanamkosesha usingizi. Nimemwandikia programu ya C. Hisa na mikopo zinakaa kwenye hifadhidata ya SQLite, riba napiga kwa funksheni ya pow, na siku ya marejesho ikikaribia inatuma SMS kwa kutumia laibrari ya mtandao, libcurl.

Nimeiandikia kwenye laptopu ya mwenzangu wa chumbani na ilikubali mara ya kwanza. Nimeihamishia kwangu (Ubuntu 22.04), amri ni ileile, herufi kwa herufi:

`gcc -lsqlite3 -lcurl -lm kikundi.c -o kikundi`

Majibu ninayopata kutoka kwa linka (ile inayounganisha msimbo wangu na laibrari):

`/usr/bin/ld: /tmp/ccX7aQ2d.o: in function 'main':`
`kikundi.c:(.text+0x4c): undefined reference to 'sqlite3_open'`
`kikundi.c:(.text+0x9e): undefined reference to 'curl_easy_init'`
`kikundi.c:(.text+0xd1): undefined reference to 'pow'`
`collect2: error: ld returned 1 exit status`

Kikao chao ni Jumamosi. Nimeshinda nayo tangu jana usiku. Nakosea wapi?

Chungu cha Nyuki · #2
Hujaweka laibrari, dada. Piga hii kisha ujaribu tena:

`sudo apt install libcurl4-openssl-dev libsqlite3-dev`

Jiwe la Msingi · #3
Nadhani linka haijui laibrari zilipo. Weka njia yake kwenye LD_LIBRARY_PATH. Ilinisaidia mwaka jana.

Fundi Terminali · #4
Chungu cha Nyuki #2, rudi usome ujumbe wake. Angekuwa hana hizo paketi za -dev asingefika kwenye linka kabisa. Kompaila ingemkatalia mlangoni: `fatal error: curl/curl.h: No such file or directory`. Na hata kama heda (lile faili la .h) ingepatikana kwa njia nyingine, linka ingesema `cannot find -lcurl`. Hayo ni makosa mawili tofauti. "Cannot find" maana yake faili lenyewe halionekani. "Undefined reference" maana yake kuna jina linadaiwa na hakuna aliyelileta.

Jiwe la Msingi #3, LD_LIBRARY_PATH ni ya wakati programu inaanza kukimbia. Inakuokoa pale unapoona `error while loading shared libraries`. Wakati wa kuunganisha unatumia -L, au LIBRARY_PATH bila hiyo LD mbele. Majina yanafanana, kazi tofauti.

Binti, jaribu hivi:

`gcc kikundi.c -o kikundi -lsqlite3 -lcurl -lm`

Laibrari zikae mwisho, baada ya faili lako.

Binti Mhazini · #5
Mkuu Fundi, sqlite, curl na pow zote zimekaa kimya! Yaani ni kuhamisha tu maneno? Nimelala saa 9 usiku kwa ajili ya mpangilio wa maneno!

Limebaki moja ambalo sikuliweka pale juu kwa sababu nililizima kwa alama za maoni: `undefined reference to 'hesabu_riba'`. Hilo nalileta baadaye kidogo. Kwanza naomba kuelewa kwa nini mpangilio una nguvu kiasi hiki.

Ukili · #6
Nimekaa pembeni, nasoma.

Fundi Terminali · #7
Chukulia linka kama konda wa daladala anayekwenda njia moja bila kurudi. Inasoma amri yako kushoto kwenda kulia. Mkononi ina orodha ya majina yanayodaiwa. Inapofika -lcurl inauliza: kuna anayetaka kushuka hapa? Wakati huo kikundi.c haijapanda garini, orodha ni tupu, hakuna anayejibu. Gari linapita. Mbele ndipo anapanda kikundi.c akisema nataka curl_easy_init, nataka sqlite3_open. Vituo vyote vimeshapitwa.

Kwa hiyo anayedai anatangulia, anayelipa anafuata. Ukiwa na laibrari A inayotumia vitu vya laibrari B, unaandika -lA halafu -lB. Zikitegemeana zote mbili unazifunga kwenye kundi:

`-Wl,--start-group -lA -lB -Wl,--end-group`

ili izizungukie mpaka orodha isipungue tena.

Bint Makunduchi · #8
Assalaam alaykum. Kaka Fundi, mfano wa konda ni mzuri lakini umeupeleka mbali kuliko inavyostahiki. Uliyoyasema ni kweli kwa faili za .a, zile zinazonakiliwa ndani ya programu. Kwa faili za .so, zile zinazobaki nje na kusomwa programu inapoanza, sheria ya asili ni nyengine: linka ikiikuta .so huiandika kwenye programu, iwe inadaiwa au haidaiwi, na majina yake yanabaki yanajulikana mpaka mwisho wa safari. Huyu mwanangu anatumia .so zote tatu. Kwa sheria ya asili amri yake ya mwanzo ingefaa.

Kilichomkamata ni Ubuntu. Tangu 2011 gcc ya Ubuntu humpitishia linka neno `--as-needed` bila ya kukuuliza. Neno hilo lasema: .so ambayo hadi sasa hakuna anayeihitaji, iache. Ndiyo maana mpangilio ukawa na nguvu hata kwa .so. Fedora hawajaiweka hivyo kwenye gcc yao ya kawaida, wala matoleo ya zamani ya Debian hayakuwa nayo. Ukitaka kuona kwa macho yako ongeza -v kwenye amri, utaukuta mstari mrefu wa collect2, yule anayemwita linka, na neno hilo limo ndani yake.

Fundi Terminali · #9
Nimekubali, mwalimu. Niliunganisha .a na .so kwenye kapu moja. Nimepiga -v hapa kwangu na nimeiona `--as-needed` kwenye collect2.

Kipanga wa Kisauni · #10
Mambo, Mombasa hapa. Basi hapo ndio jibu la kwa nini kwa rafikiye ilikubali: yuko na Fedora ama Debian ya zamani. Mwaonaje?

Binti Mhazini · #11
Anatumia Linux Mint.

Kipanga wa Kisauni · #12
Eh. Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Ingegoma pia.

Dungu la Taa · #13
Si lazima. Kuna Mint ya kawaida na kuna LMDE ambayo imejengwa juu ya Debian. Muulize ni ipi, na ni toleo gani.

Mzaramo Msomi · #14
Mimi nina wazo jingine. Huenda kwake gcc siyo iliyounganisha. Kama anatumia kompaila ya clang na linka ya lld, ile haina tabia ya konda. lld inakumbuka majina yote ya .a ilizopita, na jina likidaiwa baadaye inarudi kulichukua. Watu wengi wanahama kutoka lld kwenda linka ya GNU na hapo ndipo amri zao zinapokufa.

Chungu cha Nyuki · #15
Au aliibonyeza kwenye kihariri chake na kihariri kikapanga laibrari mwisho chenyewe, halafu dada akadhani ni amri ileile.

Binti Mhazini · #16
Niliandika mwenyewe kwenye terminali, kaka. Nimeinakili kutoka kwenye historia ya amri zake.

Kuhusu Mint ipi, amesafiri kwenda Bukoba na laptopu yake. Nimempigia, hapatikani.

Jiwe la Msingi · #17
Naomba niulize. Mimi naandika sqrt kila siku bila -lm na sijawahi kuonywa. Au kwa vile siku hizi wameingiza kila kitu ndani ya libc, laibrari ya msingi ya C?

Fundi Terminali · #18
Walichoingiza ni libpthread, libdl na nyingine ndogo, kwenye glibc (libc ya Linux) 2.34 ya Agosti 2021. Ndiyo maana Ubuntu 22.04 yenye glibc 2.35 inakubali pthread_create bila -lpthread, na msimbo huohuo ukiupeleka 20.04 yenye 2.31 unagoma. libm, ile ya hesabu unayoiita kwa -lm, haikuingizwa. Ipo peke yake mpaka leo.

Nionyeshe sqrt yako.

Jiwe la Msingi · #19
`printf("%f\n", sqrt(2.0));`

Fundi Terminali · #20
Nilitegemea. Hiyo 2.0 ni namba iliyoandikwa palepale, kompaila inapiga hesabu yenyewe na kuweka jibu. Kwenye faili la .o (msimbo uliotoka kwa kompaila) hakuna sqrt yoyote, linka haidaiwi kitu. Sasa fanya hivi: soma x kwa scanf halafu andika sqrt(x).

Jiwe la Msingi · #21
`undefined reference to 'sqrt'`

Nimeongeza -lm mwisho, imepita. Miaka miwili nimekuwa nikiwaambia wenzangu -lm haina kazi. Nawaomba radhi wote niliowaambia.

Bint Makunduchi · #22
Na ukitumia g++ badala ya gcc, libm yaunganishwa bila ya kuitaja. Hilo nalo huwapoteza wengi: anajifunza C++ mwaka mzima, siku anarudi kwenye C anakuta sqrt imepotea.

Dungu la Taa · #23
Wakuu, hivi linka kwa Kiswahili fasaha ni nini? Kuna mahali nimeona "kiunganishi".

Bint Makunduchi · #24
Kiunganishi tunachokisomesha darasani ni "na", "lakini", "kwa sababu". Mtoto atachanganyikiwa.

Mzaramo Msomi · #25
Basi iitwe kiungo. Anapokea kwa beki, anampelekea mshambuliaji. Timu bila kiungo mzuri, mabao hayapatikani.

Kipanga wa Kisauni · #26
Mzaramo kila uzi lazima aupeleke uwanjani! Ila ya leo imeingia, natia kura yangu kwa kiungo.

Binti Mhazini · #27
Nimerudi na lile lililobaki. Funksheni ya hesabu_riba aliiandika huyohuyo mwenzangu, akanipa faili libriba.a na heda yake riba.h. Kwenye heda imeandikwa:

`double hesabu_riba(double mkopo, int miezi);`

Nimeiweka mwisho kama mlivyonifundisha:

`gcc kikundi.c -o kikundi -L. -lriba -lsqlite3 -lcurl -lm`

Bado: `undefined reference to 'hesabu_riba'`. Faili lipo, haisemi cannot find.

Chungu cha Nyuki · #28
Hilo huenda limejengwa kwa mashine ya aina tofauti, biti 32 na 64.

Fundi Terminali · #29
Ingekuwa hivyo ingesema `skipping incompatible` ikifuatiwa na jina la faili. Binti, fungua faili lenyewe uone limebeba majina gani:

`nm libriba.a | grep riba`

Binti Mhazini · #30
`0000000000000000 T _Z11hesabu_ribadi`

Hii ni nini sasa?

Bint Makunduchi · #31
Hapo ndipo penye siri, mwanangu. Tulisome jina hilo pole pole. `_Z` ni alama ya C++. `11` ni idadi ya herufi za jina, hesabu mwenyewe: h-e-s-a-b-u sita, mstari wa chini mmoja, r-i-b-a nne. Halafu `d` ni double, `i` ni int. C++ hulivisha jina nguo ya vigezo vyake ili funksheni mbili zenye jina moja zisigongane. C haina desturi hiyo. Programu yako inamwita hesabu_riba mtupu, na ndani ya .a hakuna mtu wa jina hilo. Yuko _Z11hesabu_ribadi.

Lipitishe jina hilo kwenye `c++filt` litavuliwa nguo mbele yako.

Mwenzio aliikompaili kwa g++, au faili lake linaishia na .cpp. Kama una msimbo wake, tia hivi ndani ya riba.h:

`#ifdef __cplusplus`
`extern "C" {`
`#endif`
`double hesabu_riba(double mkopo, int miezi);`
`#ifdef __cplusplus`
`}`
`#endif`

Kisha faili lake lazima li-include hiyo riba.h, ndipo ujenge .a upya. Heda pekee haitoshi, .a ya zamani bado ina jina la zamani.

Binti Mhazini · #32
Msimbo ninao, ni riba.cpp kweli. Najaribu.

Ukili · #33
Nimetoka pembeni kusema jambo moja. Mwaka juzi nilifanya kazi mahali fulani, tukauziwa laibrari ya .a ya mashine ya kusoma kadi, bila msimbo. Kila tukiunganisha tunapata mstari mrefu wenye `std::__cxx11::basic_string`. Tuliwaandikia waliotuuzia mara nne, hawakujibu. Wiki tatu tumekaa. Laiti ningeusoma uzi kama huu. Ile `__cxx11` ilikuwa inatuambia kila kitu: tangu GCC 5 ya 2015 string ya C++ ilibadilishwa umbo na jina. Laibrari yao ilijengwa kwa umbo la zamani, sisi la jipya. Tuliongeza `-D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0` kwenye msimbo wetu wote, ikaungana siku hiyohiyo. Wiki tatu za watu watano.

Mzaramo Msomi · #34
Pole sana mkuu. Na mimi niongeze la kwangu: mradi wa C wa zamani, uliokubali miaka yote, nimeboresha kompaila tu nikapata `multiple definition of 'jumla'` mara kumi na moja. Kumbe ndani ya heda kulikuwa na `int jumla;` tupu, na kila faili linaloiita heda linatengeneza jumla yake. Zamani gcc ilizichanganya kuwa moja kimyakimya. Tangu GCC 10 ya 2020 imeacha. Dawa: `extern int jumla;` kwenye heda, na `int jumla;` kwenye faili moja tu la .c.

Kipanga wa Kisauni · #35
Kwangu niko na Mac yenye chipu ya Apple, na kilio changu huwa `symbol(s) not found for architecture arm64`. Mara nyingi ni laibrari ya zamani ya x86_64 iliyobaki /usr/local, na Homebrew mpya inakaa /opt/homebrew. Napiga `file` kwenye hiyo .dylib, inaniambia ni ya chipu gani. Watu hukimbilia kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Kwa bando la siku hizi hiyo ni hasara bure.

Binti Mhazini · #36
Nimejenga upya. Sasa nm inaonyesha `T hesabu_riba` bila nguo. Lakini imezuka nyingine: `undefined reference to '__gxx_personality_v0'`.

Fundi Terminali · #37
Hiyo ni habari njema, umesogea. riba.cpp bado ni C++ kwa ndani, inahitaji laibrari ya C++ yenyewe. Kompaili kikundi.c kwa gcc -c, halafu uunganishe kwa g++:

`gcc -c kikundi.c`
`g++ kikundi.o -o kikundi -L. -lriba -lsqlite3 -lcurl`

Chungu cha Nyuki · #38
Au aongeze -lstdc++ mwisho wa amri ya gcc. Ni kilekile.

Bint Makunduchi · #39
Kwa faili lake dogo ni kilekile. Mimi nawasomesha wanafunzi wangu watumie g++, kwani yajua yenyewe mambo yote ya kuongeza. Au, kwa kweli, riba ni mistari kumi, aiandike kwa C tu na .cpp aiage.

Binti Mhazini · #40
IMEKUBALI. Nimetumia njia ya Fundi #37. Nimejituma SMS ya majaribio na imeingia. Mama nimemwonyesha orodha ya wanachama kwenye skrini, amekaa nayo dakika ishirini akilinganisha na daftari, mstari kwa mstari kwa kidole. Amekuta mkopo mmoja ambao kwenye daftari uliandikwa mara mbili.

Swali dogo: nataka kutengeneza Makefile (faili la maagizo ya kujenga programu) ili nisisahau mpangilio. Nimeweka laibrari zote kwenye LDFLAGS na kosa la kwanza limerudi lilelile.

Fundi Terminali · #41
Kwa sababu kanuni ya make yenyewe inaweka LDFLAGS kabla ya faili zako za .o, na LDLIBS baada. Konda yuleyule. Hivi:

`CC = g++`
`LDFLAGS = -L.`
`LDLIBS = -lriba -lsqlite3 -lcurl`
`kikundi: kikundi.o`
`kikundi.o: kikundi.c riba.h`
`	gcc -c kikundi.c`

-L kwenye LDFLAGS, -l kwenye LDLIBS. Na mbele ya gcc pale chini ni tabo, siyo nafasi. Kwa laibrari kubwa usikariri majina, muulize pkg-config: `pkg-config --libs libcurl sqlite3`.

Mzaramo Msomi · #42
Mkuu Fundi, hivi kwa nini wazee walitengeneza linka ya njia moja? Kompyuta inashindwa nini kurudi nyuma?

Fundi Terminali · #43
Kumbukumbu ilikuwa ndogo na diski nzito. Kusoma faili mara moja ilikuwa ndiyo busara. Unix hata ilikuwa na amri mbili za kusaidia kupanga, lorder na tsort: moja inatoa nani anamhitaji nani, nyingine inawapanga foleni. tsort bado iko kwenye Linux yako leo, piga `man tsort`.

Bint Makunduchi · #44
Wapo wanaosema imebaki hivyo kwa makusudi, kwamba mpangilio unakuwezesha kuchagua funksheni ya nani itangulie pale laibrari mbili zinapokuwa na jina moja. Mimi naona hiyo ni faida iliyogunduliwa baadaye.

Mzaramo Msomi · #45
Mimi naona lld imethibitisha kwamba inawezekana kabisa kukumbuka. Wabadilishe tu.

Fundi Terminali · #46
Wakibadilisha, programu ngapi za zamani zitachukua jina la laibrari isiyo yake bila mtu kujua? Sikubaliani na wewe hapo.

Dungu la Taa · #47
Na ile ya laptopu ya Bukoba je? Bado mimi nasimama na LMDE.

Mzaramo Msomi · #48
lld.

Kipanga wa Kisauni · #49
Mnabishana juu ya mashine ambayo hakuna aliyeiona. Akirudi, apige `gcc -v kikundi.c` na atuletee ule mstari wa collect2 wote, bila kuukata.

Binti Mhazini · #50
Amenijibu sasa hivi, anarudi Jumatatu. Kuhusu Mint ipi anasema "ile ya kijani".